Akiba Haiozi: Maisha ya Alexander Fleming na Ukungu Wake

Utangulizi

Msafiri anayetoka Voi asubuhi ya mwezi wa Julai na kupanda kupitia Mwatate kuelekea Wundanyi hulakiwa na ukungu. Ukungu huo huufunika mlima wa Vuria na kuteremka mpaka kwenye migomba na mashamba ya mboga. Ajabu ni kwamba neno hilohilo ndilo litumiwalo na mama anayechambua mahindi kutoka kwenye gunia lililonyeshewa. Yaliyoota ukungu huyatenga, asiyape hata kuku. Ana sababu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yaliyoota kuvu yaliwaletea watu 317 ugonjwa wa sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki.

Ni dhahiri basi kwamba jamii zetu zimeujua ukungu kama adui wa ghala. Hata hivyo, katika ukoo mpana wa kuvu ndimo ilimotoka dawa iliyookoa mamilioni ya watu katika karne ya ishirini, na ndimo zinamotoka leo dawa mpya kwa njia ya uhandisi jeni. Makala haya yanasimulia maisha ya Alexander Fleming, mtu ambaye jina lake limefungamana na dawa hiyo. Mwandishi anakusudia kuonyesha kwamba sifa kubwa ya Fleming haikuwa kuuona ukungu tu, kwa maana wengi waliuona kabla yake. Sifa yake ilikuwa kuuhifadhi na kuugawa.

Mtoto wa Mkulima

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, nchini Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima na mfugaji wa kondoo. Alikuwa ameoa mara ya pili akiwa na umri mkubwa, na alifariki Alexander akiwa na miaka saba. Mamake, Grace Morton, alibaki na shamba pamoja na watoto wa ndoa zote mbili.

Maisha ya utotoni mwake hayatakuwa mageni kwa msomaji aliyelelewa Sagalla au Mbololo. Watoto walitembea mwendo mrefu kwenda shuleni, katika baridi na mvua, na wakirudi waliwinda sungura na kutafuta mayai ya ndege vichakani. Inaaminika kwamba huko ndiko Fleming alikojifunza kutazama, kwani mtoto wa shamba asiyetazama chini hukosa kiota kilicho miguuni pake.

Akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alihamia London, alikoishi na ndugu zake. Alisoma kwa muda, kisha akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka minne bila kuipenda. Ndugu wa baba yake alipofariki, Fleming alipata urithi mdogo, na mwaka 1901 akajiunga na shule ya udaktari ya Hospitali ya St Mary's. Alihitimu mwaka 1906. Alikuwa mlenga shabaha hodari, na wanachama wa klabu ya bunduki ya hospitali hawakutaka kumpoteza. Hivyo alitafutiwa nafasi katika maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo. Nafasi hiyo ya muda ikawa ya maisha yake yote.

Vita na Vidonda

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Fleming alipelekwa Boulogne, nchini Ufaransa, ambako Wright alikuwa amefungua maabara ndani ya jengo lililokuwa kasino. Huko aliwaona vijana waliosalimika na risasi wakiuawa na vidonda vilivyooza.

Vita hivyo havikuwa mbali na sisi. Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliuteka mji wa Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau, na tarehe 12 Februari 1916 walishindwa katika kilima cha Salaita. Makaburi ya askari yangalipo Voi, Maktau na Taveta. Wapagazi, ambao wengi wao hawana makaburi yanayojulikana, walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi: malaria, kuhara damu na nimonia.

Madaktari wa wakati huo walimimina dawa kali za kuua vijasumu ndani ya vidonda. Fleming alitengeneza mrija wa kioo wenye vichomozi vingi, mfano wa kidonda cha vita chenye mianya, akathibitisha kwamba dawa hizo hazikuifikia mianya hiyo. Isitoshe, ziliziua seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili wenyewe. Kwa maneno mengine, dawa ilimwua mlinzi ikamwacha mwizi. Alirejea London akiwa na swali moja: je, kuna kitu kiwezacho kuviua vijasumu bila kuudhuru mwili?

Jibu la kwanza alilipata mwaka 1921 katika kamasi yake mwenyewe. Aliona kwamba kamasi iliyeyusha aina fulani ya bakteria. Akagundua kwamba hata machozi na ute mweupe wa yai vina kimeng'enya hicho, nacho akakiita lisozimu. Inasimuliwa kwamba wasaidizi na wageni wa maabara walikamuliwa maji ya limau machoni ili watoe machozi ya kufanyiwa majaribio. Kwa bahati mbaya, lisozimu haikuwa na nguvu dhidi ya vijasumu hatari. Lakini ilimzoeza Fleming kutambua ishara moja: mahali ambapo bakteria wanapaswa kuwapo na hawapo.

Sahani Iliyoota Ukungu

Fleming hakuwa mtu wa meza safi. Alipokwenda likizo katika kiangazi cha mwaka 1928, aliacha rundo la sahani za kioo alimokuwa amekuza bakteria waitwao stafilokoka, wanaosababisha majipu na usaha. Aliporejea mwanzoni mwa Septemba, aliona kwamba sahani moja ilikuwa imeota ukungu. Kuuzunguka ukungu huo, bakteria walikuwa wameyeyuka.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika maabara anajua kwamba sahani iliyoingiwa na ukungu hutupwa. Fleming hakuitupa. Aliuchota ukungu, akaukuza katika mchuzi, na akaona kwamba mchuzi huo uliwaua vijasumu vya namna nyingi na haukuzidhuru seli nyeupe. Ukungu wenyewe ulikuwa wa jamii ya Penicillium, kwa hiyo mwezi wa Machi 1929 aliiita dutu hiyo penisilini. Mwaka huohuo alichapisha makala kuihusu, na wasomaji wachache waliitilia maanani.

Kilichomshinda na Alichokihifadhi

Mgala muue na haki yake umpe. Ni haki pia kusema kile ambacho Fleming hakukifanya. Penisilini ilikuwa kidogo mno katika mchuzi, nayo iliharibika upesi. Wasaidizi wake wawili, Craddock na Ridley, walijaribu kuitenga na kuisafisha, lakini hawakufika mwisho. Fleming hakuwa mwanakemia. Aliendelea kuitumia kusafishia bakteria wasiotakiwa katika majaribio yake, na kadiri miaka ilivyopita akageukia mambo mengine. Hakufanya hata jaribio la kumwambukiza panya kisha kumtibu kwa penisilini, jaribio ambalo lingalimwonyesha alichokuwa nacho.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuliacha. Aliuhamisha ukungu wake kutoka chombo hadi chombo, mwaka baada ya mwaka, usife. Tena kila aliyeuomba aligawiwa. Daktari mmoja wa Sheffield, Cecil Paine, aliyekuwa amesoma St Mary's, aliupata, na mwaka 1930 akatumia mchuzi wake kuponya maambukizi ya macho ya watoto wachanga. Sehemu nyingine ilifika Chuo Kikuu cha Oxford, ikawekwa katika shule ya patholojia, ikasahaulika huko.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hapa akiba ilikuwa uozo wenyewe, nao haukupotea.

Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mnamo mwaka 1938 Ernst Chain, Myahudi aliyeukimbia utawala wa Hitler, aliisoma makala ya Fleming ya mwaka 1929. Yeye na mkuu wake, Howard Florey kutoka Australia, waliamua kuichunguza penisilini upya. Hawakuhitaji kusafiri kuutafuta ukungu, kwani ulikuwa katika jengo lao wenyewe. Mwenzao Norman Heatley, fundi wa kubuni vyombo, alipata njia ya kuitenga dawa kwa kuipitisha kutoka kwenye maji yenye asidi hadi kwenye etha, kisha kuirudisha kwenye maji.

Tarehe 25 Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane vijasumu vya kuua. Wanne walipewa penisilini wakaishi, na wanne wasiopewa walikufa kabla ya mapambazuko. Tarehe 12 Februari 1941, miaka ishirini na mitano kamili baada ya vita vya Salaita, walimdunga askari polisi aliyekuwa akifa kwa maambukizi. Alianza kupona. Dawa ilikuwa haba hata wakaikusanya tena kutoka kwenye mkojo wake. Hatimaye ikaisha, naye akafariki mwezi uliofuata. Dawa ilifaa, lakini ukungu ulitoa kidogo mno.

Mwaka huohuo Florey na Heatley walivuka bahari hadi Marekani. Katika mji wa Peoria wataalamu waliulisha ukungu masalia ya utengenezaji wa wanga wa mahindi, nao ukazaa zaidi. Mwaka 1943 walipata katika tikiti lililooza ukungu mwingine uliozidi ule wa Fleming. Ukapigwa miale ya eksirei, kisha ya urujuanimno, na watafiti wakachagua vizazi vilivyotoa dawa nyingi zaidi. Kufikia mwaka 1944 ilipatikana dawa ya kutosha kwa majeruhi wa vita.

Magazeti yalimtafuta shujaa mmoja, nayo yakampata Fleming. Florey hakupenda kuzungumza na waandishi, ilhali mlango wa St Mary's ulikuwa wazi. Fleming alipewa cheo cha heshima na mfalme mwaka 1944, na mwaka 1945 akapokea Tuzo ya Nobeli pamoja na Florey na Chain. Jina la Heatley halikuwamo.

Katika maisha yake ya faragha, Fleming alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe wa kwanza, Sarah, muuguzi aliyemwoa mwaka 1915 na kuzaa naye mwana mmoja, alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, daktari Mgiriki aliyefanya kazi katika maabara yake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Machi 1955, na majivu yake yakazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, London.

Ukungu Wapewa Kazi Mpya

Fleming hakuuishi wakati wa uhandisi jeni, ambao ulianza mwaka 1973. Hata hivyo, ukoo wa ukungu wa penisilini ulikuwa miongoni mwa viumbe walionufaika nao. Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Waliotumia miale walikuwa wakipiga gizani: waliziharibu jeni ovyo, kisha wakangoja kuona kizazi kipi kitafaa. Mhandisi jeni huchagua jeni anayoitaka, huikata kutoka kwa kiumbe kimoja na kuiingiza katika kingine. Kuanzia miaka ya 1980, kazi hiyo iliwezekana kwa ukungu wa penisilini.

Uchunguzi ulibainisha kwamba jeni tatu zinazoandaa penisilini zimepangana pamoja. Ukungu wa asili una nakala moja ya mpangilio huo, bali ukungu wa viwandani una nakala kadhaa. Yaani wale waliochagua vizazi gizani walikuwa wakizidisha nakala hizo pasipo kujua. Jenomu nzima ya ukungu wa viwandani ilichapishwa mwaka 2008. Watafiti waliuingizia jeni ya kiumbe kingine, ukaanza kutoa malighafi ya dawa za jamii ya sefalosporini. Mwaka 2015 kundi jingine lilionyesha jinsi ulivyoweza kugeuzwa utoe pravastatini, dawa ya kupunguza lehemu katika damu.

Hamira, ambayo nayo ni kuvu na ambayo kila mpika mahamri anaijua, imefunzwa makubwa zaidi. Tangu mwaka 1986 imetumiwa kutengenezea chanjo ya homa ya ini aina ya B, na tangu mwaka 1987 insulini ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2006 wanasayansi wa California walitangaza kwamba wameipa hamira jeni za mmea wa artemisia, ikatoa asidi inayogeuzwa kuwa artemisinini, dawa ya malaria. Habari hiyo ilipokewa kwa hisia mbili Afrika Mashariki. Wagonjwa wa malaria, wakiwamo wa Taveta, walihitaji dawa nyingi na rahisi. Kwa upande mwingine, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda waliokuwa wamepanda artemisia walihofia kwamba pipa la hamira ng'ambo lingewanyang'anya soko. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2013, lakini bei ya artemisinini ya shambani ilishuka, na kufikia mwaka 2016 kiwanda hicho kiliuzwa. Mmea ulishinda kwa bei, angalau kwa awamu hiyo.

Onyo Lililopuuzwa

Katika hotuba yake ya Nobeli, mwezi wa Desemba 1945, Fleming alionya kwamba siku itafika ambapo yeyote ataweza kununua penisilini dukani, na kwamba mtu asiyejua atakunywa dozi ndogo isiyoviua vijasumu bali kuvifunza kuizoea. Siku hiyo imefika. Ni nani miongoni mwetu, Voi au kwingineko, ambaye hajamwona mtu akinunua vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu fedha alizonazo zinatosha vinne tu? Mwandishi mwenyewe amewahi kuacha dozi siku ya tatu kwa kuwa alijihisi amepona, na kuwawekea wadogo zake vidonge vilivyosalia kwa siku ya haja. Hiyo si akiba. Ni kuwapa vijasumu masomo ya ziada. Uhandisi jeni unaweza kuuongezea ukungu kazi mpya, lakini hauwezi kumlazimisha mgonjwa kumaliza dozi.

Hitimisho

Maisha ya Fleming yanatufundisha nini sisi tulio chini ya milima ya Taita? Kwanza, hazina haina budi kutazamwa. Mvua inaponyesha katika nyanda za Tsavo, vichuguu vyekundu huota uyoga, kwa kuwa ndani yake mchwa wamelima bustani za kuvu kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 2017 watafiti wa Kenya na Ufini walichapisha uchunguzi kuhusu mchwa hao na kuvu wao katika eneo la Tsavo. Kwingineko nchini, katika msitu wa Kakamega na Mlima Elgon, watafiti Wakenya na wenzao Wajerumani wametenga kutoka kwa kuvu dutu mpya zenye uwezo wa kupambana na vijasumu.

Pili, kuona bila kuhifadhi ni kazi bure. Mwaka 2020 wanasayansi wa Uingereza waliisoma jenomu ya ukungu wa Fleming kutoka kwenye sampuli iliyokuwa imegandishwa kwa miaka mingi. Akiba ile ilikuwa bado hai. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko mahali pafaapo kuweka akiba ya kuvu wa Ngangao, Mbololo na Tsavo, kabla msitu haujapungua zaidi.

Tatu, kugawa kunahitaji hesabu. Fleming aligawa bila masharti, na watu wa Oxford hawakuisajili penisilini kwa hataza. Mbinu za kuizalisha kwa wingi zilisajiliwa Marekani, na Waingereza wakajikuta wakizilipia. Kenya ina kisa chake. Vijiumbe vilivyochukuliwa katika Ziwa Bogoria mwaka 1992 vilizaa vimeng'enya vilivyouzwa ng'ambo kwa viwanda vya sabuni na nguo, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likadai mgao wa nchi. Kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, zimekuja baada ya somo hilo. Anayeokota uyoga juu ya kichuguu cha Voi sharti aandike ulikotoka, na kijiji kilichomwonyesha njia.

Mwisho ni wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Lugha yetu imetupa ukungu, kuvu, uyoga, hamira na sumukuvu, msamiati wa kutosha kuanzia mazungumzo haya na wenye ghala na wenye mashamba. Tukiuacha uhandisi jeni uzungumzwe kwa lugha za kigeni pekee, mama anayechambua mahindi atabaki akijua nusu moja ya habari za ukungu, ile inayoua. Nusu ya pili anastahili kuisikia kwa lugha aijuayo.